Hiyo Protini Moja Uliyopewa

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mama yako hajambo, mjomba wako karudi kutoka Pangani juzi na kikapu cha nazi, na bibi yako yuko kama ulivyomwacha. Habari zake nitakupa mbele. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo lenyewe ni refu, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, kama nilivyokuwa nikimwandikia mama yako alipokuwa bwenini.

Umenieleza kwamba umefika Munich ukakuta maabara saba zimeshikana katika mradi mmoja, zinachunguza jinsi seli inavyodhibiti ubora wa protini zake, na kwamba katika ukubwa wote huo wewe umepewa protini moja tu, CHIP, uitengeneze ndani ya bakteria, uisafishe, uigandishe, uwagawie wengine. Wengine wanaipiga picha, wengine wanaitia katika seli za neva, wengine wamekaa na hesabu kwenye kompyuta. Ukasema, "Mama, nimekuja huku kuwa mpishi wa watu, na kwenye makala jina langu litakuwa la tisa." Neno hilo limekaa nami wiki nzima. Nimefanya kazi maabara miaka 31, nusu yake nikisafisha vimeng'enya kama unavyosafisha wewe, na ninaijua baridi ya kile chumba saa nane za usiku, ukisubiri mchujo udondoke tone kwa tone.

Mama yako ameniambia barua hii ataisoma kabla sijaifunga, kwa hiyo niwie radhi nikieleza unayoyajua.

Protini inapotungwa ndani ya seli huwa ni uzi tu, shanga za asidi amino zilizopangwa moja baada ya nyingine. Uzi peke yake haufanyi kazi. Lazima ujikunje upate umbo, na kazi ya protini imo katika umbo hilo. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba uzi unajua wenyewe namna ya kujikunja: aliikunjua protini moja kwa kemikali, akaziondoa kemikali, nayo ikarudia umbo lake na kuanza kazi tena. Akapata Nobel ya 1972. Lakini ndani ya kichupa chake cha kioo kulikuwa na nafasi. Ndani ya seli kuna msongamano kama wa Ngamiani siku ya kuamkia Idi, na uzi ambao haujamaliza kujikunja hunasana na wenziwe ukawa bonge.

Ndiyo maana seli ina shaperoni. Wazungu wamezipa jina la mama mtu mzima aliyekuwa akifuatana na binti wa watu ili asiharibikiwe njiani. Sisi wa pwani tuna kungwi, na mimi naona kungwi anafaa zaidi. Kungwi haolewi badala ya mwari. Humkalisha ndani, humkinga na macho ya watu, humfunda, kisha humtoa akiwa tayari, naye akarudi kumpokea mwingine. Shaperoni ni hivyohivyo: huishika protini changa, huipa faragha ya kujikunja, kisha huiachia, na haibaki kuwa sehemu yake. Mambo haya yalipoanza kueleweka, mwaka 1989, kazi ilifanywa na watu wa pande mbili za bahari. Arthur Horwich, kule Yale, alikuwa na hamira (hii hii ya mandazi) iliyoharibika jeni moja, na Ulrich Hartl alikuwa na wenzake hapo hapo Munich unapokaa wewe, wenye ujuzi wa kuchunguza protini zinavyoingia ndani ya mitokondria. Hamira ya Yale peke yake isingejibu swali, na ujuzi wa Munich usingekuwa na cha kuchunguza. Walipoviweka pamoja wakaona kwamba protini zinaingia vizuri tu, ila ndani hazikunjiki, kwa kuwa kungwi wao amelemaa.

Hata hivyo zipo protini ambazo kungwi hazimudu. Zimechakaa, au zimeungua kwa joto, au zilitungwa na kosa tangu mwanzo. Hizo lazima zibomolewe, na hapo ndipo inapoanza hadithi niliyokaa kukuandikia.

Miaka ya 1970 karibu kila mwanabiokemia alikuwa akitazama protini zinavyojengwa. Kubomolewa kwake kulionekana ni kazi ya jalala. Ilijulikana kwamba seli ina mfuko wa kumeng'enyea taka, laisosomu, alioutambua Christian de Duve, na wengi wakaridhika na hapo. Lakini tangu 1953 Melvin Simpson alikuwa ameona jambo la ajabu kwenye ini la panya: kubomoa protini kunadai nishati. Mama yako ataniuliza ajabu iko wapi. Iko hapa: nyama tunayokula husagwa tumboni bila seli kulipia kwa ATP. Kitu kinachoporomoka hakihitaji kusukumwa. Basi seli inalipia nini?

Avram Hershko alirudi Haifa, kwenye chuo cha Technion, mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na swali hilo. Akampata mwanafunzi, daktari kijana aitwaye Aaron Ciechanover. Wakatumia seli changa nyekundu za damu ya sungura, kwa sababu hizo hazina laisosomu lakini bado zinabomoa protini mbovu kwa kutumia nishati. Alfred Goldberg na mwenzake walikuwa wameonyesha hivyo mwaka 1977 huko Harvard. Watu wa Haifa wakazipasua seli, wakaugawa utomvu wake mafungu mawili. Fungu la kwanza peke yake: hakuna kinachobomolewa. Fungu la pili peke yake: hakuna. Wakayachanganya, kazi ikarudi.

Nataka ulitazame hilo kama mtu wa maabara. Wengi wangesema jaribio limeharibika, wakamwaga. Wao wakauliza kilichomo katika kila fungu. Lile la kwanza lilikuwa limejaa hemoglobini, na kuitoa hemoglobini yote kwa mchujo ni kazi ya kuchosha. Wakalichemsha. Hemoglobini ikaganda kama tope, na juu yake pakabaki maji yaliyokuwa bado yana nguvu ileile. Protini gani hiyo isiyoogopa moto? Wakaitangaza mwaka 1978 wakaipa jina la muda, APF-1. Ilikuwa kitu kidogo, asidi amino 76 tu.

Kufikia hapo Hershko alikuwa amekutana na Irwin Rose kwenye mkutano huko Marekani, na Rose alikuwa amekaa miaka mingi na swali hilohilo la nishati bila kuchapisha kitu. Hershko akaomba kwenda kwake kwenye taasisi ya Fox Chase, Philadelphia, kwa mwaka wake wa mapumziko, kisha akawa anarudi wakati wa kiangazi pamoja na Ciechanover. Huko ndiko walikoitia APF-1 iodini ya mnururisho ili waifuate inakokwenda. Walidhani itakuwa ni kiungo cha kuamshia kimeng'enya. Wakaikuta imeng'ang'ania protini zile zile zinazotakiwa kubomolewa, tena si moja kwa kila protini bali nyingi, na kifungo chenyewe ni cha kudumu, hakikatiki hata kwa kemikali kali. Ilikuwa ni alama. Umeziona nyumba za barabarani zilizopigwa X nyekundu. Tingatinga likija halina haja ya kuuliza. Hiyo ndiyo X ya seli, na tingatinga lake, proteasomu, ni pipa lenye mlango mwembamba ambalo umbo lake lilipigwa picha kwa mara ya kwanza kwa undani mwaka 1995, Martinsried, hapo kando ya mji wako, na Robert Huber, Wolfgang Baumeister na wenzao.

Na swali la Simpson likapata jibu. Kubomoa kwenyewe ni rahisi. Seli inalipia kuchagua. Inatoa nishati ili asivunjiwe asiyestahili.

Sasa fika pale ninapotaka ufike. Mwaka 1979 na 1980 walijua APF-1 inafanya nini, ila hawakujua kwamba ilikuwa tayari na jina. Kwenye maabara ya Rose kulikuwa na kijana Keith Wilkinson. Siku moja akawa anamsimulia rafiki yake Michael Urban, wa maabara nyingine ya taasisi ileile, juu ya hii protini ndogo inayojibandika kwenye protini kubwa. Urban alikuwa mtu wa histoni, zile protini zinazofungia DNA, mambo yasiyohusiana kabisa na ubomoaji. Akasema kitu cha namna hiyo nimekiona: kuna histoni moja inayobandikwa protini ndogo iitwayo yubikwitini. Hiyo ilikuwa imepatikana mwaka 1975 na Gideon Goldstein kwenye tezi ya ng'ombe, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilionekana iko kila mahali, na hakuna aliyejua ina kazi gani. Wilkinson, Urban na mwenzao Arthur Haas wakazilinganisha. Zilikuwa ni kitu kimoja. Kwa mazungumzo ya marafiki wawili, makabati mawili ya elimu yaliyokuwa yamefungwa yakafunguliwa kwa ufunguo mmoja. Na makala waliyoitoa mwaka 1980 ina majina matatu, ya hao vijana. Jina la Rose halimo, ingawa maabara ilikuwa yake.

Nikikumbuka hadithi hiyo, nakumbuka na yangu. Mwaka wangu wa nne kazini, mahali ambapo sitapataja, nilipewa kimeng'enya ambacho kila nikikisafisha kilikufa siku ya pili. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha asidi, nikapunguza joto. Miezi 14 ilipita. Chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, palikuwa na kijana aliyekuwa akijua tangu zamani kwamba kimeng'enya hicho kinataka gliserini kidogo ndani ya maji yake. Hatukuzungumza. Wakubwa wa vyumba viwili walikuwa wamegombana na tulikatazwa kuambiana kazi. Tulisalimiana kila asubuhi, tukaulizana habari za watoto, na wote wawili tukanyamaza juu ya kilichotukosesha usingizi. Nilikuja kujua alipohama, alipokuja kuniaga. Hadi leo, mwanangu, jambo hilo linanichoma, na si kwa sababu ya makala. Vipimo vilivyokuwa vikisubiri kimeng'enya hicho vilikuwa vya wagonjwa.

Ndiyo maana uliponiambia kwamba kila Alhamisi mnakaa maabara zote saba na kila mtu anafungua daftari lake, hata kurasa za kushindwa, mimi nilitamani kulia, na wewe ulikuwa unalalamika kwamba kikao ni kirefu.

Kuhusu jina la tisa, sikuambii kwamba halina uzito. Lina uzito, kazi za watu hupatikana kwa majina hayo. Lakini tazama tuzo zinavyokwenda. Mwaka 2000 tuzo ya Lasker kwa kazi hii ya yubikwitini walipewa Hershko, Ciechanover na Alexander Varshavsky. Rose hakuwamo. Mwaka 2004 Nobel ya kemia ikaenda kwa Hershko, Ciechanover na Rose. Varshavsky hakuwamo, yeye ambaye kundi lake ndilo lililoonyesha kwamba seli hai haiwezi kuishi bila mfumo huu, tena kwa kutumia seli za panya zilizotoka kwa watafiti wa Japani, zilizolemaa yubikwitini zikipashwa joto. Wajapani nao hawakuwamo. Orodha ya watatu haiwezi kubeba watu wa kazi kama hii, na kazi yenyewe haikupungua hata chembe. Dai haki yako ya jina, idai mapema na kwa maandishi, wala usione haya. Ila usipime thamani ya unachokishika mkononi kwa nafasi ya jina.

Maana unachokishika wewe ni CHIP, na nashangaa hujaniambia ulivyofurahi. Katika mwili wa binadamu kuna aina zaidi ya 600 za vimeng'enya vinavyochagua nani apigwe X. Nyingi hukaa mbali na shaperoni. CHIP, tangu ilipoelezwa mwaka 1999, inajulikana kwa jambo moja: upande mmoja imemshika kungwi kwenye mkia wake, Hsp70 au Hsp90, na upande wa pili inaleta alama ya kubomoa. Pale kungwi anapokata tamaa na mwari, CHIP ipo imekaa karibu. Tibu au bomoa? Uamuzi huo katika seli unapita mikononi mwa protini uliyopewa. Watu ambao jeni la CHIP limeharibika kwa pande zote mbili hupata ugonjwa wa kupepesuka, ubongo wa nyuma ukinyauka. Na mwaka 2004 maabara tofauti zilionyesha kwamba CHIP na Hsp70 husaidia kuiwekea alama tau.

Tau, mwanangu. Hapo ndipo nilipotaka kukupeleka kwa bibi yako.

Daktari amesema kwa dalili alizonazo ni Alzheimer. Wewe unajua maana yake ndani ya seli: mabonge ya amiloidi nje ya neva, na ndani mafundo ya tau, protini ambayo kazi yake ni kushikilia mirija ya neva na ambayo imejikunja vibaya ikanasana. Alois Alzheimer aliyaona mafundo hayo kwa darubini akayaeleza mwaka 1906, kwa mama mmoja wa Ujerumani hukohuko. Miaka inavyosonga, makungwi wa seli huchoka, na wapiga X nao huelemewa, ndipo mabonge yanaposhinda. Siwezi kusema hiyo ndiyo sababu yote ya ugonjwa wake, wala sikuambii kwamba CHIP yako itamrudishia bibi majina ya wajukuu. Dawa zilizopo leo zinachelewesha kidogo tu, tena kwa walio mwanzoni, na huku kwetu hazifiki. Nakuambia tu kwamba ukikaa na kichupa chako kwenye barafu, kilichomo ndani si kitu cha mbali na nyumba hii.

Elimu hii pia imeshazaa dawa, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Goldberg na wenzake walitafuta kizuizi cha proteasomu wakitumaini kuzuia misuli ya wagonjwa isinyauke. Kilichopatikana, bortezomibi, kikaidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma, kwa sababu seli za saratani hiyo hutengeneza kingamwili kwa wingi mno, na jalala lao likifungwa, hufa kwa taka zao. Na usidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria ina artemisinini, ambayo ikiamshwa ndani ya kimelea huunguza protini zake nyingi kwa mpigo. Kimelea kinapona kikiweza kuzisafisha kupitia proteasomu yake. Vimelea sugu vyenye mabadiliko katika jeni la Kelch13 viliripotiwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na kwetu Kagera baadaye, na wapo watafiti wanaotafuta vizuizi vya proteasomu ya kimelea, visivyogusa ya mtu, ili kuipa artemisinini meno tena. Kama siku moja utataka kurudi na ufundi uliojifunza, huo mlango uko wazi, na Wajerumani watakupa barua ya utambulisho.

Nina maagizo mawili tu. Kila kichupa cha CHIP unachotoa, kiandike tarehe, mkupuo, na kile kilichoenda mrama siku hiyo, hata kama kinakuaibisha. Protini iliyochafuka hupita mikono sita kabla ya kugundulika, na kila mkono hupoteza miezi. La pili, yule binti wa hesabu uliyesema hamwelewani, mwalike umpikie pilau. Mwulize anachokiona kwenye namba zake ambacho hakielewi. Mwambie na wewe usichokielewa.

Bibi leo mchana aliniuliza uko wapi. Nikamwambia Munich. Akauliza kama kuna bahari, nikasema hakuna, kuna mto. Baada ya muda akauliza tena, nikamjibu tena. Mara ya tatu akauliza unafanya nini huko, nikamwambia unasafisha protini. Akafikiri kidogo, akasema, "Asuuze mara mbili." Mama yako alicheka mpaka akatoka nje, kisha akakaa barazani kimya muda mrefu.

Sweta ya bluu tumeitia kwenye mzigo wa jirani anayekuja huko mwezi ujao, pamoja na karafuu na hiliki. Na kuna kitu hukukisema kwenye ujumbe wako, nami nimebaki nacho: ule mkupuo wa wiki iliyopita, uliposafisha bila kuongeza chumvi, CHIP ilimshika Hsp70 au haikumshika? Niandikie.

Mama yako mkubwa